Kwa mdogo wangu uliyemtumia mtoto almasi

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo, ila anakula. Najua unasoma ninachoandika, maana jina lako naliona kila siku kwenye orodha ya waliotazama stetasi zangu, halafu kimya. Simu hupokei, ujumbe hujibu. Basi nimeona niandike hapa mbele za watu, kwa kuwa hapa ndipo unapopita. Wasomaji wengine watuvumilie. Mwenye ndugu atanielewa.

Juzi mwanangu alinijia mbio kibandani akipiga kelele, "Mama, mjomba kanitumia zawadi!" Nikaitazama simu ya kazi, nikaitazama na ile nyingine. Hakuna muamala. Mtoto akanifungulia gemu akanionyesha: vazi la bluu lenye mbawa, na bunduki inayowaka moto kwenye mtutu. Nilimuuliza yule kijana wa stendi anayewajazia wenzake almasi, zile pesa za ndani ya gemu, akaniambia kitu kile kinafika elfu kumi na tano. Tangu upande treni usituage, hicho ndicho kitu cha kwanza kutoka kwako kufika nyumbani.

Nisikufiche, nilifurahi. Nilijua u mzima na unatukumbuka. Mtoto amelitaja jina lako mpaka usingizi ukamchukua. Kisha hasira ikanipanda, kwa sababu kumbe njia ya kutuma unaijua, na mtu wa kumtumia unamjua, ila mama umemruka.

Usiseme dada haelewi magemu. Nani alikaa na wewe usiku ule umeme ulipokatika Gungu nzima hapa Kigoma, tukicheza kwa zamu kwa simu moja, marehemu baba akigeuka kitandani na kuuliza tumeua wangapi? Ulinifundisha mahali pa kutua na mahali pa kujificha. Najua raha yake. Najua pia kwamba mtu asiye na vazi wanamcheka, wanamwita jina la wale wahusika wa bure, na kijana wa miaka ishirini anaumia kuitwa hivyo hata kama wanaomwita hawajui sura yake. Kwa hiyo sijawahi kukwambia kwamba ulinunua hewa. Wengine walikwambia hivyo pale barazani. Mimi sikusema, na ukumbuke hilo.

Maneno yako mwenyewe nayakumbuka vizuri. Ulisema, "Dada, hata salio unalowawekea watu ni namba tu kwenye simu. Tofauti yake na almasi iko wapi?" Ni swali la maana. Limenikaa kichwani kwa sababu ni la kazi yangu. Nimekaa Mwanga kwenye meza ya uwakala, nimeona namba zikigeuka unga, ada ya shule, tiketi ya boti, sanda. Mtu anafika na namba, anaondoka na noti. Nakata kamisheni yangu, tunaagana. Almasi hazina wakala wa kutoa, mdogo wangu. Shilingi ikishaingia mle imeingia. Siku mama anaumwa huwezi kulivua lile vazi ukalipeleka dirishani ukapewa dawa. Na ukisoma masharti yale marefu tunayokubali bila kuyapitia, utakuta wamesema hukununua kitu, umepewa ruhusa ya kukitumia, na akaunti wanaweza kuifunga.

Ukanitajia yule mchezaji wa magemu, Jon Jacobs. Nimemtafuta, nikamsoma. Ni kweli, mwaka 2005 alilipa dola 100,000 kununua kimondo ndani ya ulimwengu wa gemu la Entropia, akaweka rehani nyumba yake, akajenga humo klabu akaiita Club Neverdie, na mwaka 2010 akaiuza vipande vipande kwa dola 635,000. Kabla yake, mwaka 2004, kijana wa Australia alinunua kisiwa humo humo kwa dola 26,500. Lakini ulinipa nusu ya habari. Entropia imejengwa pesa iingie na itoke. Sarafu yao kumi ni dola moja, ukitaka kutoa unatoa. Jacobs alikuwa akitoza watu waliokwenda kuwinda kwenye kimondo chake. Alikuwa mfanyabiashara mwenye eneo. Gemu lako halina mlango huo. Wewe ulikuwa mteja tu, na mteja wa usiku wa manane.

Wala sisemi kitu cha ndani ya gemu si mali. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Uholanzi iliamua kwamba ni mali. Vijana wawili walimpiga mwenzao wa miaka kumi na tatu, wakamtishia kisu, mpaka akaingia kwenye akaunti yake ya gemu la RuneScape akawahamishia hirizi na kinyago. Waliposhtakiwa, utetezi ukawa kwamba vitu vile havipo, kwa hiyo hakuna kilichoibwa. Majaji wakakataa. Wakasema vina thamani kwa mwenyewe, kwa sababu ya muda na jasho alilotumia kuvipata. Niliposoma hapo niliweka simu chini nikamuwaza mama. Kama jasho ndilo linalofanya kitu kiwe mali, yale madumu mawili ya mawese yalikuwa mali kiasi gani?

Maana tusijifanye tumesahau mwaka ule ulivyokuwa. 2024, Ziwa Tanganyika lilifungwa uvuvi tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wazaliane. Mama amezoea mbalamwezi, anajua kila mwezi kuna siku mitumbwi haishuki na dagaa hakuna, anajiwekea akiba ya siku hizo. Miezi mitatu hakuizoea. Kibirizi pale vichanja vya kuanikia dagaa vilikuwa vitupu, wanawake wamekaa na mikono mapajani. Alikula akiba yote, akabakiza yale madumu aliyoyanunua bei ikiwa chini, akayafunika kwa khanga nyuma ya kitanda. Alisema hayo ni ya harusi ya yule dada yako mwingine. Alipoyauza alipata laki moja na elfu themanini, akakukabidhi wewe, si mimi mwenye kibanda cha pesa, wewe, ukalipe kianzio cha turubai na viti. Nilimwambia apitishie kwangu. Akasema, "Mwache naye ajione mtu mzima."

Kisha kikao.

Najua hutaki nikitaje. Baba mdogo alisoma daftari la michango mpaka mwisho, akasema kianzio cha turubai hakijafika. Mwenye turubai alikuwa mlangoni, hajavua viatu. Wajumbe wawili wa upande wa bwana harusi walikuwa wamekaa mkekani, mmoja akamtazama mwenzake. Unajua walichokuwa wanafikiri? Kwamba baba mdogo amekula. Mzee aliyeshika hazina ya msikiti miaka yote ile bila kupotea hata mia! Mjomba akamuuliza mara mbili, na mara ya pili sauti ilikuwa imebadilika. Wewe ulikuwa nyuma karibu na mtungi, mwanga wa simu usoni.

Wanaonisema hawaanzii hapo. Wanaanzia pale nilipokunyang'anya simu. Wanasema ningekuita pembeni. Nilikuita. Nilikugusa bega, nikakwambia twende uani, ukasema subiri kidogo. Usubiriwe wewe, huku mzee anaitwa mwizi kwenye kikao cha mtoto wa kaka yake? Nilisoma zile meseji za malipo ya almasi kwa sauti kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kumsafisha baba mdogo usiku ule ule, mbele ya macho yale yale yaliyomshuku. 2,500. 5,000. 5,000. 10,000. 5,000. Saa saba usiku, saa saba na dakika nne, saa saba na dakika sita. Nilisoma zote. Ningekuwa nimesoma nusu, wangesema namficha mdogo wangu.

Mpaka hapo ningekusamehe, wallahi. Pesa nimeshaisamehe. Nimesoma kuhusu yale magurudumu na masanduku ya kwenye gemu unayolipia bila kujua kitakachotoka, kila ukizungusha bei inapanda, kile unachokitaka kinakupita kwa karibu. Halafu wanakuuzia almasi kwa mafungu yasiyolingana na bei za vitu, zikabaki kidogo, ukaona uchungu kuziacha, ukaongeza. Hayo hayakukutokea kwa ujinga. Watu wazima wenye shahada wamekaa ofisini wakayapanga. Japani mwaka 2012 serikali ilisema mtindo mmoja wa namna hiyo, wa kukusanyisha watu seti nzima kwa bahati nasibu ili wapate zawadi kubwa, unavunja sheria. China tangu 2017 inataka kampuni zitangaze uwezekano wa kupata kila kitu. Ubelgiji mwaka 2018 walisema masanduku yale ya kulipia ni kamari. Epic Games, wenye gemu la Fortnite, Marekani waliwakubalisha mwaka 2022 kurudisha dola milioni 245 kwa wachezaji, kwa sababu vitufe vilipangwa mtu akigusa tu amenunua, na watoto walinunua bila wazazi kujua. Huku kwetu kwenye kubeti wanaandika 18+ kwa herufi kubwa. Kwenye gurudumu lako hakuna aliyekuuliza umri. Nawaona kila jioni wale wa shule, wanakuja na elfu moja ya kuweka, sare bado mwilini, na najua inakokwenda. Nimeanza kuwauliza. Wengine wananikimbia wakaweka kwa jirani, na jirani anachukua kamisheni. Sawa. Bado nauliza.

Kwa hiyo kunaswa sikukulaumu. Ninachoshindwa kukimeza ni kile cha baadaye.

Mama alitoka ndani na shela lake la kuswalia. Alikuwa amesikia yote. Akasimama katikati ya wanaume, yeye ambaye kikaoni huwa haongei, akasema, "Mwacheni. Nilimtuma mimi. Hivyo alivyonunua ni vitu vyangu." Vitu vyake! Mama wa simu ya vitufe, hajui hata kufungua picha. Kila mtu pale alijua anasema uongo. Mjomba aliinamisha kichwa. Mjumbe mmoja akaanza kutafuta kofia yake. Mama hajawahi kusema uongo tukamsikia. Akadanganya usiku ule, na udhu wake, mbele ya wakwe, kwa ajili yako.

Nawe ulinyamaza.

Nilikutazama. Nilikuwa nakungoja. Ungesema neno moja tu, "Hapana, mama, ni mimi," ningekurudishia simu yako, ningekukumbatia mbele yao wote na turubai ningelilipia mimi. Mwishowe nililipa mimi, kwa floti ya kibanda, nikafunga siku mbili za sokoni, lakini sikuandika barua hii kwa ajili hiyo. Ulinyoosha mkono ukaomba simu. Hukumtazama mama. Alfajiri ukaenda stesheni.

Harusi ilipita, ilipendeza, dada yako ana mtoto wa kike sasa na ana paji lako la uso. Baba mdogo hataki tena kushika hazina ya shughuli yoyote ya ukoo. Haya hayapo kwenye stetasi, ndiyo maana nakwambia.

Kijana wa chini yangu kazini aliniambia nisikuandikie, utajiona umeaibishwa tena. Labda. Lakini mimi nimekaa na mama jioni hizi zote, ananiuliza kama umeonekana "mtandaoni", neno hilo kalijulia kwako, nami namjibu ndiyo, ameonekana, saa saba usiku. Kisha ananyamaza anachambua mchele. Ungeliona hilo ungejua kwa nini siwezi kuandika kwa upole.

Mtoto usimtumie tena vile vitu. Gemu nimemwachia, ya bure inatosha, acheze na wenzake. Upande wa kununua nimeufunga kwa namba ya siri na namba hiyo hata baba yake haijui. Ukitaka kumpa kitu, mpigie umsimulie ulivyomfundisha mama yake kutua. Vazi la bluu nimemwachia. Sikuwa na moyo wa kumvua.

Na pesa usinitumie. Usimtumie hata mama kwanza, maana ukituma ataitikia kwa dua na mambo yataishia hapo, nawe utajiona umelipa. Mpigie. Namba ni ile ile. Ijumaa baada ya alasiri huwa anakaa nje, anapokea vizuri. Iache iite mpaka mwisho, vidole vyake ni vizito, ikikatika piga tena. Usianze na habari za Dar. Mwambie, "Mama, hukunituma." Baba mdogo nitamwita aje akae karibu naye, na simu nitaiweka sauti ya nje.

Dada yako.