Nyongeza ya Mshahara Inayoliwa Kabla Haijaingia Benki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo linalonikera tangu Julai 2025, mwezi ambao kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kilipanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kama Rais Samia Suluhu Hassan alivyotangaza Singida siku ya Mei Mosi ya mwaka huo. Nyongeza ile ilisubiriwa kwa muda mrefu na sina ugomvi nayo hata kidogo. Ninachosikitikia ni kwamba wengi walioipata walikuwa wamekwisha kuitumia kabla haijaingia benki, na kwamba nyongeza nyingine zitakazokuja zitapita njia hiyo hiyo endapo hatutajifunza upya tabia ya mtu kuridhika na maisha anayoyamudu, akakiacha kinachozidi kijikusanye.

Mimi ni mhasibu mstaafu, na ninahudumu katika kamati ya mikopo ya SACCOS moja, yaani chama cha akiba na mikopo, kwa hiyo hati za mishahara ya watu hupita mikononi mwangu kila mwezi. Utaratibu wa serikali unataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato yote. Utaratibu huo ni mzuri, kwani bila huo wapo ambao wangekuwa wanakwenda benki kuchukua karatasi tupu. Tatizo ni kwamba watu wengi wameugeuza: badala ya kuuona kama ukuta wa mwisho ambao haifai kuufikia, wanauona kama kiwango halali cha kukopa, na mshahara unapopanda wanahesabu kwanza ni nafasi kiasi gani imefunguka.

Tupige hesabu hiyo. Theluthi mbili za 370,000 ni takriban 246,700, na theluthi mbili za 500,000 ni takriban 333,300, kwa hiyo nafasi ya makato imeongezeka kwa shilingi 86,600 hivi. Ukiondoa makato ya lazima yaliyopanda pamoja na mshahara, yaani asilimia 5 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 3 ya bima ya afya, kodi ya mapato na ada ya chama cha wafanyakazi kwa mwanachama, bado inabaki nafasi ya rejesho la shilingi 60,000 kwa mwezi. Maofisa mikopo wanaijua hesabu hii kuliko mtumishi mwenyewe. Mwezi ule ule wa Julai walikuwa wamekwisha kukaa kwenye ofisi za walimu wakiwa na fomu, kalamu na maneno matamu, wakimwambia mtu kwamba mkopo wake wa zamani utafungwa, mpya utafunguliwa, na tofauti ataipata mkononi ndani ya siku chache.

Sehemu ambayo haisemwi kwa sauti ni kwamba muda nao unaanza upya. Mtu aliyekuwa amebakiza miaka mitatu anarudishwa kwenye miaka minane, na kama ana umri wa miaka 52 atamaliza deni lake siku anayotimiza miaka 60 na kukabidhi funguo za ofisi. Kwa kile kipande kipya peke yake, rejesho la shilingi 60,000 kwa miezi 96, tuseme kwa riba ya asilimia 13 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio, linampa mkopaji takriban shilingi milioni 3.57 kabla ya bima na ada, ilhali atakachorudisha ni milioni 5.76. Na wakati anaendelea kulipa, ile milioni tatu na nusu imekwisha kuwa makochi yaliyobonyea na televisheni ya inchi 55 ambayo watoto wameichoka.

Sitaki nieleweke vibaya kuhusu mikopo. Anayekopa ili aezeke nyumba na kuacha kulipa kodi ya pango, au ili amalizie karo ya mwaka wa mwisho wa mtoto, ana hoja, na mimi mwenyewe hupitisha maombi kama hayo bila kusita. Ninayemwonea shaka ni yule ambaye, ukimuuliza fedha ni ya nini, hutazama dari kwanza, kisha akaandika kwenye fomu neno "maendeleo".

Msukumo wenyewe, kwa ninavyoona, hautoki dukani bali kwa jirani. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Siku hizi vingine vimekopewa, na anayevitamani haoni hati ya mshahara ya mwenye navyo. Shughuli zetu nazo zimeongeza uzito. Harusi moja sasa huzaa shughuli tatu au nne, kuanzia kitchen party na send-off hadi usiku wa ukumbini, kila moja ikiwa na kamati yake, sare yake na kundi lake la WhatsApp ambamo majina ya waliotoa hubandikwa kila jioni ili ambao hawajatoa waone aibu. Nimewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya namna hiyo, na nilipokea michango ya watu ambao wiki iyo hiyo walikuwa wamewasilisha maombi ya mkopo wa dharura kwenye SACCOS yetu. Mchango ni sehemu ya ujirani na siombi ufutwe. Naomba tu mtu aweze kutoa alichonacho na kuhudhuria kwa kadi ya mtu mmoja bila kuonekana mchoyo.

Theluthi inapokuwa imefikiwa, hamu haifi, inahamia kwingine. Hapo ndipo kausha damu, wale wakopeshaji wa mitaani wa riba kubwa, wanapopata wateja, na ndipo programu za mikopo ya simu zinapoingia, zile ambazo zilifikia hatua ya kuwatumia ujumbe wa kumdhalilisha mdaiwa watu wote waliomo kwenye orodha ya namba zake. Benki Kuu ya Tanzania ilifungia programu na majukwaa 69 yasiyo na leseni mnamo Novemba 2024, na ilifanya vyema, lakini hakuna taasisi inayoweza kufungia tamaa ya simu mpya.

Najua nitaambiwa kwamba kuhubiri kuridhika kwa mtu anayelipwa laki tano ni kumkejeli. Hoja hiyo ina uzito, hasa inapotolewa na mama mwenye watoto watatu shuleni na mzazi mgonjwa kijijini, ambaye kila senti ina mwenyewe kabla ya tarehe ya mshahara. Kwake yeye sina la kusema isipokuwa kwamba vyama vya wafanyakazi viendelee kumdaia haki yake. Barua hii inamhusu yule aliyekuwa akiishi kwa mshahara wa Juni, kwa shida lakini akiishi, na ambaye Julai alipata fursa ya kuendelea kuishi vile vile kwa muda huku kipande cha nyongeza kikienda mahali salama.

Mahali salama papo, wala si pa matajiri peke yao. Shilingi 60,000 zile zile zikiwekwa kando kila mwezi hufika milioni 1.02 ndani ya miezi 17, na milioni moja ndiyo kiwango cha chini cha kununulia hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba. Asiyetaka kusubiri anaweza kuanza kidogo kidogo katika mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, ambayo wa kwanza wake, Mfuko wa Umoja, ulianza mwaka 2005, au akaongeza hisa na akiba kwenye SACCOS yake. Kwa miezi 96 akiba hiyo ni milioni 5.76 kabla ya faida yoyote, kiasi kile kile ambacho mwenzake atakuwa amekilipa kwa deni. Masharti yake ni kwamba fedha ikatwe na benki kwa maagizo ya kudumu siku mshahara unapoingia, maana ikishafika kwenye simu imekwisha kupata kazi nyingine, na kwamba mume na mke wawe wamekubaliana kiasi hicho kabla ya ofisa mikopo hajabisha hodi.

Ombi langu kwa viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi ni dogo. Nyongeza nyingine itakapotangazwa, mikutano yenu iitishwe kabla ya mshahara mpya kulipwa, mwalikeni mtu wa kupiga hesabu hizi ubaoni kwa shilingi za kila daraja la mshahara, na kila mwanachama atoke na karatasi yenye jumla atakayorudisha endapo ataongeza mkopo. Benki zinazokuja ofisini nazo zitakiwe kuandika jumla hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa fomu, kwa maandishi makubwa kama yale yanayotumika kuandika kiasi cha mkopo.

Mhasibu mstaafu,
Morogoro.