Kabla hujasaini popote, kaangalie wanavyoanguka

Mama Nadia shosti,

Za Columbus, za mama mkwe, na huyo Nadia nasikia kashakupita urefu. Voisi yako ya dakika saba nimeisikiliza mara mbili, mara ya kwanza niko kwenye foleni natoka kazini na mara ya pili naunga maharage, nikaona nikikujibu kwa sauti tutakesha, acha niandike we utasoma ukiwa breki.

Kwanza nimecheka. Si wewe ulokuwa unaniambia mbona nalipa hela kwenda kupigwa? Haya leo na wewe unataka, kisa kituo cha basi saa sita usiku baada ya shifti. Sikulaumu mwaya, hicho kituo nimekiona kwenye picha, taa yenyewe moja na inawaka ikijisikia. Ila nakwambia mapema usije ukanilaumu, hapkido, huu mchezo wa Kikorea wa kujihami, haitakusaidia hapo kituoni mwezi huu wala mwezi ujao. Kwa sasa toka na wenzio, simu iwe na chaji, na yule dada wa Ghana muombe lifti hata kama anaendesha kama anafukuzwa. Hapkido itakuja taratibu, we anza tu.

Sasa umeniuliza kati ya hizo shule mbili ipi ndo orijino, ile ya barabarani yenye bango kubwa au ile ya ukumbi wa kanisa. Shosti, hilo swali la orijino ndo lililonila hela yangu.

Mi nilivyofika huku Dallas nikaona shule moja iko kwenye fremu za maduka, katikati ya dobi na duka la simu, dirishani vikombe vimejaa kama kabati la ubingwa. Nikaingia Jumamosi moja hivi, nikapokelewa na kijana mtanashati, hata jina langu hajalishika vizuri kashanikalisha ofisini ananionyesha cheti ukutani, mhuri wa dhahabu, maandishi ya Kikorea, anasema hiki kimetoka shirikisho la dunia. Mi nikaona heee, la dunia kabisa! Nikasaini. Miezi 12, dola 149 kila mwezi inakatwa yenyewe benki, na juu yake akaniuzia "programu ya mkanda mweusi" kwamba miezi 18 nimeupata, imeandikwa kabisa kwenye karatasi.

Nikaja kujua baadaye, hapkido haina baba mmoja. Taekwondo wana Kukkiwon pale Seoul ndo wanatoa vyeti vya dan, yaani ngazi za mkanda mweusi, vinavyotambulika kila sehemu, hapkido wao wana Korea Hapkido Federation, wana International Hapkido Federation, wana World Hapkido Federation, na mengine kibao, kila mzee aliyetofautiana na mwenzie katoka kafungua la kwake. Kwahiyo mtu akikuringishia cheti cha dunia we mwitikie tu vizuri, ni kama kibanda cha chipsi kuandikwa Intanesheno. Sisemi mashirikisho ni ya uongo, kuna walimu wa maana kwenye yote, nasema cheti hakikwambii huyu bwana anafundishaje Jumanne jioni akiwa kachoka.

Na huo uorijino wenyewe ukiufatilia unaishia pabaya lol. Mzee aliyeanzisha anaitwa Choi Yong-sool, alipelekwa Japani akiwa mtoto, na mwenyewe alisema kakaa miaka na miaka kwa Takeda Sokaku, bingwa wa Daito-ryu, mtindo wa Kijapani wa kupindisha viungo na kuangusha, huyohuyo aliyemfundisha mzee aliyeanzisha aikido ya Wajapani, ndo mana aikido na hapkido zinaandikwa kwa herufi zilezile tatu ila kila nchi inazitamka kivyake. Shida ni kwamba Takeda alikuwa na madaftari ya wanafunzi wake, na jina la Choi halionekani humo, watu wanabishana mpaka kesho. Alivyorudi Korea baada ya vita ya 1945 akakaa Daegu, maisha yakawa magumu, akawa anafuga nguruwe. 1948 kaenda kiwanda cha pombe kuchukua machicha ya kulishia nguruwe wake, ukatokea ugomvi wa foleni, akawa anawaangusha watu mmoja mmoja, yule kijana wa wenye kiwanda, Seo Bok-seob, anachungulia dirishani, akamwita, akawa mwanafunzi wake wa kwanza. Yaani hii kitu imeanzia kwenye foleni ya machicha, alafu mi na wewe tunaulizana orijino.

Unamkumbuka yule Mkorea mwenye mkanda wa dhahabu aliyepigana na Bruce Lee, tulivyokuwa tunazamia banda la video pale Ngamiani? Anaitwa Ji Han-jae. Alipita kwa huyo mzee wa Daegu, akaipeleka hapkido Seoul, akaja kufundisha mpaka walinzi wa rais. Sikujua mpaka juzijuzi, nikasema kumbe tulishawahi kuiona hapkido tukiwa na miaka kumi na hatukujua jina lake.

Haya turudi kwenye hela yangu. Mwezi wa pili pale kwa bingwa wa dunia nikapangwa na kijana wa mkanda wa kijani, tunafanya ya kupindisha kifundo cha mkono. Hapkido nusu yake ndo hiyo, anakushika we unageuza unambana kiungo mpaka anaenda chini mwenyewe. Na kuna sheria moja ambayo ni kama salamu, ukiumia unagonga godoro mara mbili au unampigapiga mwenzio, maana yake basi niachie. Nikagonga. Hakuachia. Nikagonga tena, ananiangalia anacheka, kaongeza kidogo, mi nikasikia kitu kama kijiti kikavu ndani ya mkono. Mwalimu yuko palepale, mikono kifuani, na yeye anacheka, ananiambia inabidi uzoee. Wiki tatu nafungua mfuniko wa sufuria kwa mkono wa kushoto. Na we mwenzangu unanyanyua wagonjwa, unageuza watu wa kilo mia kitandani, hiyo mikono ndo jembe lako, ndo mana naandika barua yote hii.

Kwahiyo ukienda kuangalia usiangalie mateke. Mateke yanadanganya, yanapendeza hata yakiwa hayana kitu, na mengi ya hayo ya kuruka yaliongezwa na kizazi cha kina Ji, sio cha mzee. Kaa pembeni kwenye kiti, darasa la watu wazima sio la watoto, angalia vitu viwili. Cha kwanza mtu akigonga, mwenzie anaachia saa ngapi. Nataka uone mkono umegusa godoro na huku umeshaachiwa, kabla hata hujapepesa. Na cha pili angalia wageni wanafundishwaje kuanguka. Kama kuna mtu ana wiki mbili na tayari anarushwa juu, chukua mkoba wako.

Huku nilipo sasa ni ukumbi wa jamii kule Carrollton kwenye Wakorea wengi, hamna vikombe, hamna kioo, magodoro yenyewe tunayapanga wenyewe na tunayafuta wenyewe kwa dawa kila siku kabla ya kuanza. Mwalimu ni mzee anaongea kidogo sana. Wiki tatu za kwanza sikufanya kitu kingine zaidi ya kuanguka. Wiki tatu! Tunaanza tumekaa, kidevu kifuani kama unakumbatia embe kwa shingo, unajiachia nyuma, mikono inapiga godoro paa kwa pamoja na pumzi inatoka, kichwa hakigusi. Alafu tunachuchumaa. Alafu tunasimama. Mi nikawa naona ananichelewesha, nikamuuliza lini tunajifunza kupigana, akanijibu kwa Kiingereza chake cha kukatakata, wewe kila siku unaanguka, kila siku unapigwa hapana.

Na ikaja kunifaa sehemu hata hukutegemea. Mwaka jana harusi ya mtoto wa dada yetu mmoja wa Mombasa, niko jikoni ukumbini natoka na sinia la pilau, mtu kamwaga mafuta chini hajafuta. Miguu ikaenda juu. Mi sijui nilifanya nini, nilichosikia ni paa, mkono umepiga vigae, kidevu kiko kifuani, nimelala chali nzima kabisa na pilau limesambaa mpaka mlangoni. Mashangazi wakanyamaza. Mmoja akasema huyu kapandwa, wasomeeni. Mpaka leo nikienda shughuli hawanipi sinia, wananipa vijiko.

Kingine waulize kama mwenzio anakukazia kweli kwenye kujaribu. Hapkido ina ugonjwa wake na lazima nikwambie, mwenzio akikubali kuanguka kila kitu kinafanya kazi, unamgusa kidole anaruka sarakasi, we unajiona simba kumbe kakusaidia. Pale kwangu ukishaelewa hatua mwalimu anamwambia mwenzio sasa mkazie kidogo, mkazie tena, hapo ndo unaona kumbe ulikuwa unavuta kwa mabavu na hujatoka kwa upande wa kidole gumba, pale mshiko unapoachana. Ukienda na ukaona watu wanaruka kabla hawajaguswa, na hamna hata mmoja anayekatalia, basi hapo wanafanya maigizo.

Ile ya bango kubwa umesema imeandikwa taekwondo, hapkido, kikboksi, yoga. Sio vibaya, walimu wengi wa Kikorea wana zote mbili, ila uliza hapkido yenyewe ni siku ngapi kwa wiki na saa ngapi, mana unaweza kukuta ni nusu saa ya Ijumaa na hiyo siku we uko shifti.

Kuhusu mkanda mweusi usiogope wala usishangilie muda. Hata Korea kwenyewe mtu anapata dan ya kwanza ndani ya mwaka au miwili, kwao ni kama umemaliza darasa la saba, ndo unaanza shule. Kibaya ni kuahidiwa kwa maandishi na kulipishwa kabla. Uliza mtihani wa mkanda ni shingapi, kila mmoja, mpaka wa mwisho, waandike. Mi wale wa kwanza ada ilikuwa 149, alafu mtihani 65, alafu lazima ununue dobok, sare ya mazoezi, ya kwao yenye nembo, alafu mtihani tena baada ya miezi miwili hata kama hujui kitu, na nilivyotaka kuondoka kwa ajili ya mkono wakaniambia mkataba unasema mpaka miezi 12 iishe. Nimelipa miezi saba ambayo sikukanyaga. Nilivyohesabu ile hela ningemjengea mama choo cha ndani, sitaki hata kuongelea.

Lile ulilonong'ona mwishoni kana kwamba mama mkwe anasikia, la hijabu na kuinama. Hijabu haina shida, vaa ile ya mazoezi ya kubana, usiweke pini hata moja, pini itamchoma mtu au wewe mwenyewe. Kuinama, ukiingia utakuta bendera mbili ukutani, ya Marekani na ya Korea, na wanaziinamia mwanzo na mwisho. Mi nilimfata mwalimu kabla ya darasa nikamwambia dini yangu mi siinamii, naomba niweke mkono kifuani, akasema sawa, na yeye akaweka wake kifuani akanijibu hivyohivyo na mpaka leo ndo salamu yetu. Na kupangwa na wanawake wenzio uliza wazi pia, we ulizia uone wanavyokujibu, mana kwenye jibu hilo unajua mengine yote. Akikuzungusha au akikucheka, basi.

Mi nikisikiliza maelezo yako roho inaenda kwenye ile ya ukumbi wa kanisa, japo umeilalamikia kwamba ina watu tisa tu na mwalimu ni mama wa makamo. Mwaya tisa ndo vizuri, atakuona unavyokosea. Ila sijawaona, usisaini kwa ajili yangu. Nenda Jumanne kaa uangalie, Alhamisi omba darasa la majaribio, wengi wanatoa bure au kwa hela ndogo, na kama wanataka usaini kile kikaratasi cha ukiumia ni juu yako soma, hicho ni cha kawaida, ila mkataba wa malipo nipigie picha unitumie kabla hujashika kalamu, hata saa nane usiku nitaamka. Lipa mwezi mwezi. Kata kucha. Kunywa maji mchana, sio chai.

Na ukigonga mara mbili mtu asipoachia, piga kelele, kwa Kiswahili, kwa Kidigo, kwa chochote.

Msalimie Nadia, mwambie na yeye kuna la watoto, asije akawa anakuangalia tu mama yake anavyogaragara. Nasubiri Jumanne usiku uniambie umeona nini.

Shosti wako wa Texas, yule wa vijiko