Risala ya Wanafunzi wa Kundi la Ramani, Katuba, Lubumbashi

Mheshimiwa Mgeni wetu wa heshima, Mkuu wa Komini. Walimu, wazazi na jirani zetu,

Karibu sana kwetu. Sisi wanafunzi tumepita avenyu kwa avenyu, daftari mkononi, tukitaka kujua nyumba zipi zina watu na zipi zimefungwa.

Mheshimiwa, nchi yetu ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984. Wengi wa wazazi walioketi hapa walikuwa watoto, au hawajazaliwa. Ndiyo maana tulianza na vitu vilivyo wazi kwa wote: ramani ya OpenStreetMap, pamoja na michoro ya majengo ya Afrika ambayo Google huitoa bure kutokana na picha za setilaiti. Vilitusaidia sana kupanga njia. Lakini setilaiti huona bati tu. Katika lupango moja, yaani kiwanja kimoja, tulikuta bati moja na mbabula (majiko ya makaa) tatu: jamaa, yaani familia, tatu, kila moja na chungu chake, choo kimoja. Mbele kidogo kuna shantiye kubwa anamolala mlinzi peke yake. Je, ile ina watu? Tulibishana hadi jioni, kisha tukaiandika mbali na nyingine: inajengwa, ina mlinzi, haina jamaa.

Lililotuumiza ni nyumba zilizokwisha kujengwa, zenye kufuli, wakati jirani wanalala wakibanana. Tulipouliza, neno lililorudi ni garanti, yaani pesa ya dhamana anayoweka mpangaji kwa mwenye nyumba kabla ya kuingia. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite kodi ya miezi 3. Mama mmoja alituambia alidaiwa ya miezi 10, akarudi kwa dada yake na watoto.

Ombi letu ni hili. Ofisi ya kartiye (mtaa) ina fishi, yaani kadi, za kila lupango. Tunaomba jumla zake zibandikwe ukutani kwa kila avenyu: nyumba ngapi, jamaa ngapi, ngapi zimefungwa. Majina na namba za lupango zibaki ofisini, maana nyumba ikijulikana ni tupu, wezi nao watasoma. Wingi wa jamaa ukijulikana, tutajua pia wapi robine za maji na vyoo havitoshi.

Daftari zetu na ramani ziko mezani, Mheshimiwa. Tuko tayari kupita tena pamoja na wakubwa wa avenyu, hata Jumamosi hii.