Tamthilia za mafumbo nazo zitangaziwe siku ya mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba Watanzania tumegawanyika katika makundi matatu: wafuatiliaji wa siasa, mashabiki wa mpira, na wale aliowaita wapoteza muda, wanaokesha na tamthilia. Kundi hilo la tatu alilipa aya moja, tena ya kejeli, kisha akarudi kwenye usajili wa dirisha dogo. Mimi nimo katika makundi yote matatu, na majirani zangu wengi nao wamo. Katika kibanda umiza cha mtaani kwetu ubao ni mmoja: juu huandikwa kwa chaki mechi ya saa 11 jioni, chini yake tamthilia ya saa 3 usiku, na ikiwapo hotuba ya kitaifa husogezwa katikati kwa mshale. Wanaokaa kwenye mabenchi yale ni walewale tangu mpira hadi tamthilia, na aliyekuwa akimshutumu mwamuzi saa 12 ndiye huyohuyo anayemtuhumu mjomba wa marehemu ifikapo saa 4.

Sina nia ya kuzitetea tamthilia zote, kwa maana nyingi hazitetewi. Nazungumzia aina moja tu, tamthilia ya fumbo, ile ambayo tangu kipande cha kwanza humwambia mtazamaji kwamba kuna jambo limefichwa na kwamba akivumilia atalijua. Hiyo ni ahadi, na kasoro yake hapa kwetu ni kwamba hutolewa bila tarehe. Uchaguzi una tarehe, ligi ina ratiba, lakini kituo cha televisheni huanzisha kisa cha mauaji Januari na hakuna anayejua kama muuaji atatajwa Juni, au mwakani, au kamwe. Hoja yangu ni kwamba kituo kinachoanza kurusha tamthilia ya namna hiyo kitangaze mapema ina vipande vingapi na inaisha lini, na magazeti yakibane kituo hicho kama yanavyoibana bodi ya ligi inapopangua ratiba.

Wanaodhani kuwa kusubiri jibu la tamthilia ni ugonjwa wa vijana wa simu wakumbuke mwaka 1980. Tarehe 21 Machi mwaka huo kituo cha CBS cha Marekani kilifunga msimu wa tamthilia ya Dallas kwa kumwonyesha tajiri wa mafuta, J.R. Ewing, akipigwa risasi ofisini mwake na mtu asiyeonekana sura. Jibu lilitazamiwa msimu mpya utakapoanza, lakini waigizaji wa Hollywood wakagoma, na siku ya jibu ikasogea hadi tarehe 21 Novemba. Kampeni ya urais ikawa imeangukia katikati ya kungoja huko. Rais Jimmy Carter, alipokwenda mjini Dallas kuchangisha fedha, alitania kwamba kama angenong'onezwa nani kampiga risasi J.R. angepata fedha za kuendeshea kampeni nzima, na wafuasi wa chama cha Republican nao wakavaa beji zilizodai kuwa mhalifu ni mtu wa Democrat. Carter aliangushwa na Ronald Reagan tarehe 4 Novemba, maana yake Wamarekani walimjua rais wao mpya siku 17 kabla ya kumjua aliyefyatua bastola ile. Usiku wa jibu walikaa mbele ya televisheni watu zaidi ya milioni 80. Siri ilikuwa imelindwa kwa kurekodi waigizaji kadhaa tofauti wakifyatua risasi, kila mmoja kwa zamu yake, ili hata mafundi wa studio wasijue ni picha ipi itakayorushwa. Jina la mhalifu silitaji, kwani wapo ambao hawajaiona tamthilia hiyo, na miaka arobaini na kitu haimpi mtu ruhusa ya kummalizia mwenzake uhondo.

Hata hivyo, Dallas haikuwa na ukomo. Fumbo lilikuwa moja tu ndani ya hadithi ya ukoo iliyoendelea hadi mwaka 1991. Mfano unaonigusa zaidi ni Lost, iliyoanza kurushwa na kituo cha ABC tarehe 22 Septemba 2004. Ndege iliyotoka Sydney kwenda Los Angeles inakatika angani na abiria wanajikuta kwenye kisiwa ambacho hakimo katika ramani yao. Hapo ndipo maswali yanapoanza: dubu wa nchi za barafu anatafuta nini kwenye msitu wa joto, mlango wa chuma uliofukiwa ardhini unaelekea wapi, na kwa nini namba 4, 8, 15, 16, 23 na 42 zinajirudia kila mahali kama zimelaaniwa. Huku kwetu ilitufikia kwa diski za mitaani, zile zenye misimu miwili au mitatu iliyobanwa katika sahani moja, na mara nyingi kipande cha mwisho ndicho kilichokwama, picha ikiganda huku sauti ikiendelea. (Haki za wenye kazi zilikuwa zikikanyagwa, hilo halina ubishi.) Kwa kuwa diski hazikuja kwa mpangilio, watu walilazimika kuweka kumbukumbu. Nawafahamu waliokuwa na daftari la maswali, wakiweka alama pembeni kila lilipojibiwa.

Kufikia msimu wa tatu madaftari yale yalikuwa na maswali mengi kuliko alama. Sababu haikuwa uvivu wa watunzi. Kituo kilikuwa na tamthilia inayopendwa, nacho, kama kituo chochote cha biashara, hakikutaka iishe. Watunzi wasiojua kama wamebakiza vipande 20 au 200 hawawezi kuanza kufungua mafundo, kwa hiyo wakawa wanazungusha. Mwezi Februari 2007 kilirushwa kipande ambacho sehemu yake kubwa ilieleza asili ya michoro iliyochanjwa kwenye mkono wa daktari Jack, jambo ambalo hakuna mtazamaji aliyekuwa ameliulizia. Wasimamizi wa tamthilia hiyo, Damon Lindelof na Carlton Cuse, walikubali baadaye hadharani kwamba kipande hicho kilikuwa kibovu, nao walikuwa wakiudai uongozi wa kituo uwape siku ya mwisho. Mei 2007 ABC ikaridhia na kutangaza vipande 48 zaidi, misimu mitatu, mwisho mwaka 2010. Mgomo wa waandishi ulioanza Novemba mwaka huohuo ulivuruga hesabu na kuufupisha msimu wa nne, lakini mwaka wa mwisho haukuguswa.

Aliyeitazama tamthilia ile kabla na baada ya tangazo hilo anajua tofauti. Mambo yalianza kwenda mbele. Mtazamaji naye alibadilika, kwa sababu mtu anayejua kwamba zimebaki sehemu 30 husikiliza kwa namna nyingine. Kila dakika inayopotezwa bure anaiona, na kila jibu analipima kwa nafasi iliyobaki, vilevile shabiki ambaye timu yake iko nyuma kwa bao moja anavyomtazama kipa wa wapinzani akichelewesha mpira dakika ya 80.

Heshima ya tarehe hiyo ilifika hadi Ikulu ya Marekani. Januari 2010 palizuka uvumi kwamba hotuba ya Rais Barack Obama kuhusu hali ya taifa ingeangukia tarehe 2 Februari, usiku uleule wa kuanza msimu wa mwisho. Watazamaji walilalamika, na msemaji wa Ikulu, Robert Gibbs, akajibu waandishi wa habari kwamba haoni uwezekano wa mamilioni wanaongojea hatima ya Lost kukatizwa na Rais. Hotuba ilitolewa tarehe 27 Januari. Msomaji mwenzangu atasema huo ni upuuzi wa Wamarekani. Nami nasema serikali iliyoweza kupanga hotuba yake bila kugongana na tamthilia haikupungukiwa na kitu, na waliotaka kuisikiliza hotuba waliisikiliza, wapenzi wa tamthilia wakiwemo.

Nikiukumbuka mwaka 2010 naona jinsi vitu vitatu hivi vilivyokaa pamoja bila kugombana. Lost ilimalizika Marekani tarehe 23 Mei. Tarehe 7 Juni Brazil ilicheza na Taifa Stars jijini Dar es Salaam na kutufunga mabao 5 kwa 1, siku nne baadaye Kombe la Dunia likaanza Afrika Kusini, likaisha tarehe 11 Julai kwa bao la Andrés Iniesta dakika ya 116, na tarehe 31 Oktoba tukapiga kura. Hakuna lililomnyima mtu jingine, kwa sababu kila moja lilikuwa na siku yake inayojulikana. Kuhusu mwisho wenyewe wa Lost, watu wanagombana hadi leo. Mimi niliridhika nusu, maana yapo maswali ya daftarini ambayo hayakupata alama. Lakini ugomvi huo ni wa watu waliofikishwa mwisho, na ni mtamu kuliko ukimya wa tamthilia iliyokatwa.

Najua pingamizi litakalokuja. Itasemwa kwamba kulazimisha jibu huua fumbo, na mfano wa Twin Peaks utatolewa, tamthilia iliyomwuliza kila mtu mwaka 1990 nani amemuua msichana Laura Palmer. Kituo kiliwashinikiza watunzi wamtaje muuaji, wakamtaja katikati ya msimu wa pili, watazamaji wakapukutika na mwaka 1991 ikasimamishwa. Ni kweli, ila shinikizo lile lilihusu kufichua siri huku hadithi ikiendelea baada ya hapo bila mwelekeo, wakati mimi nadai mwisho utangazwe na jibu liachwe kwa mtunzi aliweke anapotaka kabla ya mwisho huo. Wadenmark walilifanya hilo vizuri mwaka 2007 kwa tamthilia ya Forbrydelsen, mauaji ya msichana mmoja, vipande 20, na ndani yake kampeni ya umeya wa Copenhagen ikienda sambamba na upelelezi. Wamarekani walipoitengeneza upya mwaka 2011 kwa jina la The Killing, msimu wa kwanza uliisha bila muuaji kutajwa, na hasira iliyofuata ilikuwa kubwa kwa sababu watu waliamini kwamba jibu lingekuwamo katika vipande 13 walivyokuwa wamevitazama. Jibu lilikuja mwaka mmoja baadaye, kwa wale waliobaki.

Hapa kwetu hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa hata hasira hatuna pa kuipeleka. Tamthilia za Kituruki, ambazo kipande kimoja kwao hufika saa mbili na kuzidi, hukatwa vipande vifupi zinapouzwa nje, na mtazamaji wa huku haambiwi kama alichokiona jana ni nusu ya kipande au theluthi. Za nyumbani hutegemea wadhamini. Mdhamini akijitoa, mpelelezi naye hupotea. Kituo kimoja, ambacho sitakitaja, kiliwahi kukata tamthilia ya upelelezi ikiwa imebakiza kumtaja muuaji, kikaweka marudio ya vichekesho, bila hata mstari wa maandishi chini ya skrini. Watayarishaji hujitetea kwamba hawawezi kuahidi vipande 100 wakati fedha iliyopo ni ya 26. Basi waahidi hivyo 26 na jibu liwe ndani yake, na fedha ikipatikana waanze kisa kipya.

Tunajua kudai ratiba tunapoamua kudai. Tarehe 8 Mei 2021 mechi ya Simba na Yanga ilisogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku siku hiyohiyo ya mchezo. Yanga walifika uwanjani kwa saa ya awali, wakaondoka, mechi ikavunjika, na nchi nzima ikataka maelezo hadi ilipochezwa tarehe 3 Julai. Hiyo ilikuwa tofauti ya saa mbili. Majirani zetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi wakaandika kwenye Katiba yao ya mwaka 2010 kwamba kesi ya kupinga matokeo ya urais iamuliwe ndani ya siku 14 tangu ifunguliwe, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta matokeo siku ileile ya ukomo, tarehe 1 Septemba. Ikiwa fumbo zito kiasi hicho lina siku yake, sioni sababu ya fumbo la nani kamtilia sumu mzee mwenye mashamba kukosa yake.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo na halina gharama. Gazeti lako huchapisha ratiba ya vipindi vya televisheni ambamo mechi huandikwa kwa raundi yake na tamthilia huandikwa jina tupu. Ongezeni namba mbili mbele ya kila tamthilia, cha ngapi kati ya vingapi. Vituo viulizwe kila wiki, na kitakachoshindwa kujibu, nafasi ya namba ya pili iachwe wazi ili msomaji aione kabla hajaanza kuifuatilia.

Msomaji wako,
Morogoro