Shimo lipimwe kabla mtu hajashuka

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua tuzungumzie maneno mawili yanayojirudia katika habari za vifo vya kazini: "walikosa hewa". Mmoja kashuka kwenye shimo la maji taka kuzibua pampu, hakupanda. Wa pili akamfuata, wa tatu naye vivyo hivyo. Habari huishia hapo, kana kwamba hewa huisha yenyewe na hakuna wa kuulizwa. Hewa ya shimoni haiharibiki bila sababu. Sababu zinajulikana, zinapimika, na kazi yote ya kuzizuia hufanyika juu, kabla mguu haujagusa ngazi.

Tunasema "shimo" kwa ufupi, lakini tunamaanisha pia matangi ya mafuta na kemikali, chemba za maji taka, boila, visima, maghala marefu ya nafaka, mashimo ya samadi na vyumba vya chini vya meli. Zote zina mlango mdogo, hewa haipiti, na hazikujengwa ili binadamu akae ndani.

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Ikiwa chini ya 19.5, hapaingiwi. Kwenye asilimia 16 hivi mtu bado amesimama, ila akili imeanza kuyumba na mwenyewe hajui. Kwenye 10 anazirai. Chini ya 6 zimebaki dakika chache tu. Tangi lililojaa naitrojeni halitoi hata nafasi ya kushtuka: pumzi moja au mbili, magoti yanalegea. Mwili wetu hauna kengele ya kutuambia oksijeni imepungua. Kile kinachotufanya tuhisi kubanwa ni kaboni dioksaidi inayojaa kwenye damu, na anayevuta naitrojeni anaendelea kuitoa kaboni dioksaidi hiyo kama kawaida. Kwa hiyo ule ushauri wa "ukijisikia vibaya panda haraka" haumsaidii mtu. Atakapojisikia vibaya, miguu haitamtii tena.

Wengi huamini kwamba tangi lililooshwa, ambalo halijawahi kubeba sumu, ni salama. Kutu peke yake inatosha kuua. Chuma kikishika kutu hula oksijeni, na tangi lenye unyevunyevu likifungwa kwa wiki kadhaa linaweza kubaki na hewa isiyofaa kwa uhai. Nafaka mbichi, vipande vya mbao melini na uchafu unaooza hufanya hivyo hivyo, na juu yake huongeza gesi nyingine.

Kuna kosa moja ambalo hata mafundi wazoefu hulifanya, nalo tungependa lieleweke. Kipimo kinaonyesha oksijeni asilimia 19.9, fundi anasema, "Tumevuka 19.5, twendeni." Oksijeni ni kama sehemu moja ya tano ya hewa. Kama imeshuka kwa asilimia moja kwa sababu gesi nyingine imeingia na kuisukuma, basi gesi hiyo tayari imechukua karibu asilimia tano ya nafasi yote, yaani karibu sehemu 50,000 kwa milioni. Methani huanza kuweza kuwaka ikifika asilimia 5. Kaboni monoksaidi, ile sumu iliyomo kwenye moshi wa injini, au hidrojeni salfaidi ikifika kiasi hicho ni mara nyingi zaidi ya kinachotosha kuua. Mbele ya namba kama hiyo, swali ni kwa nini si 20.9, na mpaka jibu lipatikane mtu abaki juu.

Hidrojeni salfaidi ndiyo ile gesi yenye harufu ya mayai viza, na ndiyo muuaji mkubwa wa mashimo ya maji taka, samadi, viwanda vya ngozi na visima vya mafuta. Pua huinusa hata ikiwa chini ya sehemu moja kwa milioni. Kwenye sehemu 100 pua inakufa ganzi ndani ya dakika chache, harufu inatoweka, na mtu anaambiwa na pua yake kwamba hali imekuwa nzuri. Kati ya 500 na 700 anaanguka, na kwenye 1,000 huanguka hapo hapo. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hulala chini. Mbaya zaidi, hujificha ndani ya tope. Shimo likiwa limetulia asubuhi kipimo kinaweza kusoma sifuri, kisha mtu akachota koleo la kwanza au akakanyaga tope, na gesi ikafumka kama soda iliyotikiswa. Kupima mara moja mlangoni hakutoshi. Kila aliye ndani awe na kipimo kifuani, kinachowaka muda wote na chenye mlio.

Mtindo wa kushusha kandili au mshumaa kwa kamba uachwe kabisa. Mshumaa huzimika oksijeni ikiwa imeshafika karibu asilimia 16, wakati ambapo mtu alipaswa kuwa nje zamani. Hausemi lolote kuhusu hidrojeni salfaidi. Na penye methani unakuwa ndio kiberiti.

Kipimo cha kawaida cha gesi nne husoma oksijeni, gesi za kuwaka, hidrojeni salfaidi na kaboni monoksaidi. Kiwashwe mahali penye hewa safi. Kikisawazishwa kwenye sifuri karibu na moshi wa jenereta, kitaichukua hewa chafu kuwa ndiyo kawaida na kuwadanganya siku nzima. Kila siku kabla ya kazi kijaribiwe kwa gesi ya majaribio ili ionekane kweli kinalia, kwa sababu taa ya kijani inathibitisha kwamba kina chaji, haithibitishi kwamba kinahisi. Oksijeni husomwa kwanza, kwani kihisio cha gesi za kuwaka cha aina iliyozoeleka huchoma gesi ndani yake, na bila oksijeni ya kutosha husoma chini au sifuri penye hatari tupu. Kisha gesi za kuwaka: ikizidi asilimia 10 ya kikomo cha chini cha kuwaka, yaani kiasi kidogo kabisa cha gesi hewani kinachoweza kushika moto, hakuna kuingia. Kisha sumu.

Mtu hapaswi kuingiza kichwa ili apime. Ushushwe mpira wa kuvutia hewa, na usomaji uchukuliwe juu, katikati na chini, kila baada ya mita 1.2 hivi, kwa sababu methani hupanda, hidrojeni salfaidi hulala, na kaboni monoksaidi huchanganyika kote. Haraka ndiyo huharibu hapa. Hewa inahitaji kama sekunde 2 hadi 3 kupita kila mita ya mpira, kisha kihisio kinahitaji nusu dakika hadi dakika nzima kutulia. Anayeshusha mpira wa mita 6 na kuutoa baada ya sekunde 20 amepima hewa ya juu ya shimo.

Kipimo hicho pia kina upofu wake. Kwenye kupaka rangi ndani ya tangi, mvuke wa tolueni, kimiminika cha kuyeyushia rangi, hufika asilimia 10 ya kikomo cha kuwaka ukiwa na zaidi ya sehemu 1,000 kwa milioni, ilhali sehemu 500 tayari huhesabiwa kuwa hatari ya papo kwa papo kwa uhai. Kengele ya gesi za kuwaka kwenye kipimo itakuwa bado kimya. Kwa kemikali za namna hiyo lazima kitafutwe kihisio chake mahususi.

Baada ya kupima, hewa ipulizwe. Tuchukue shimo la mita 2 kwa 3 na kina cha mita 4: ujazo wake ni mita za ujazo 24. Feni inayotoa mita za ujazo 10 kwa dakika italibadilisha mara tano ndani ya dakika 12, na kihesabu gesi iliyobaki itakuwa chini ya asilimia moja ya ile ya mwanzo. Shimoni mambo hayaendi kihesabu. Kona za bomba la turubai linalopeleka hewa ya feni hupunguza nguvu yake, na bomba likiishia karibu na mdomo, hewa safi huzunguka pale pale juu na kutoka, chini hakujatikisika. Bomba lishushwe karibu na sakafu, muda uongezwe mara mbili, kisha pimeni upya. Feni isizimwe wakati kuna mtu ndani. Jenereta na pampu ya petroli zikae mbali, upande ambao moshi wake haurudi kwenye mdomo wa feni. Pampu ya petroli haishushwi shimoni hata kwa dakika tano. Na asitokee mtu wa kufungulia mtungi wa oksijeni ya kuchomelea ili "kuwaongezea hewa": oksijeni ikizidi asilimia 23.5, nguo na nywele hushika moto kwa cheche ndogo. Kwa sababu hiyo hiyo mitungi na mipira ya kuchomelea hutolewa nje kila mapumziko, maana mpira unaovuja wakati wa chakula hulijaza tangi kimya kimya.

Kuhusu mabomba na mashine tutasema kwa kifupi. Vali iliyofungwa haitoshi, kwa kuwa vali huvuja na mtu mwingine anaweza kuifungua. Kipande cha bomba kiondolewe au kizibwe kwa sahani ya chuma. Swichi ya mashine ya kukoroga ipigwe kufuli, kila anayeingia na kufuli lake na ufunguo mfukoni mwake, halafu mashine ijaribiwe kuwashwa ili ithibitike haiwaki. Taa za ndani ya tangi la chuma ziwe za volti 25 au chini, transfoma ikiwa nje.

Sasa tufike kwenye uokoaji, ambako ndiko watu wengi zaidi hupotea. NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayotafiti usalama kazini, ilionya mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu hizi walikuwa watu walioingia kuokoa. Aliye juu akimwona mwenzake amelala chini, roho haimpi kukaa. Huwezi kumlaumu, wala huwezi kutegemea atajizuia kwa sababu aliwahi kusomewa kanuni. Kinachomzuia ni kuwa na kitu kingine cha kufanya kwa mikono yake, yaani kuzungusha winchi.

Kila anayeshuka wima avae mkanda wa mwili mzima, kamba ikiwa imefungwa mgongoni kati ya mabega, na mwisho wa kamba uwe kwenye winchi iliyoning'inizwa kwenye stendi ya miguu mitatu juu ya mdomo wa shimo. Kamba haifunguliwi mpaka atoke. Mkanda wa kiunoni haufai: mwili uliolegea hukunjika na hukwama mlangoni. Mlinzi wa shimo, yaani anayebaki juu kuwaangalia waliomo ndani, hana kazi nyingine yoyote, hatumwi kuleta spana, na haingii kwa sababu yoyote ile. Ubongo usiopata oksijeni huanza kuharibika baada ya dakika 4 hivi. Zimamoto waitwe, lakini mpango usemao tu "tutapiga simu zimamoto" ni mpango wa kutoa maiti.

Penye vizuizi ambapo kamba haiwezi kuvuta, timu ya waokoaji iwe imeshavaa mitungi ya hewa ya mgongoni kabla kazi haijaanza. Mtungi wa lita 6 uliojazwa hadi mgandamizo wa bar 300 una hewa lita 1,800 hivi, dakika 45 kwenye karatasi, na huisha mapema zaidi kwa mtu anayebeba mwenzake huku anahema. Barakoa ya vumbi na ile ya vichujio hazitengenezi oksijeni. Husafisha tu hewa iliyopo. Zoezi lifanywe kwa gunia la mchanga la kilo 80, kwenye shimo lile lile, mtu akiwa na saa mkononi. Hapo ndipo huonekana kwamba stendi haienei, au mdomo ni mwembamba kuliko mtungi.

Kibali cha kuingia kijazwe kwenye mdomo wa shimo, kikiwa na namba zilizosomwa, saa, na jina la aliyepima. Kinakufa zamu ikiisha, na kinakufa pia watu wakitoka kula, mvua ikinyesha au pampu ya jirani ikiwashwa. Tunajua vibali vingi husainiwa ofisini tangu jana yake. Tunajua pia kwamba kazi hizi hupewa vibarua wa siku moja kupitia mkandarasi ambaye bei yake haikuwa na winchi wala kipimo ndani yake. Mwenye kiwanda aliyeikubali bei hiyo aliona kilichokosekana.

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika ibara ya 21 kwamba hatua za usalama hazitamgharimu mfanyakazi chochote, na katika ibara ya 13 kwamba anayejiondoa kwenye kazi kwa sababu za msingi za kuamini kuna hatari kubwa ya papo hapo, alindwe asidhurike kwa kufanya hivyo. Juni 2022 shirika hilo liliweka mazingira salama na yenye afya ya kazi kati ya haki za msingi, zinazozibana nchi wanachama zote hata zisizoridhia mkataba. Kibarua anayekataa kushuka kwenye shimo lisilopimwa anatumia haki, na msimamizi anayemwambia "wapo wengi wanaoitaka hii kazi" anaivunja.

Jambo moja kwa wauguzi na familia: aliyetolewa akiwa hai baada ya kuvuta hidrojeni salfaidi asirudishwe nyumbani kwa sababu anaongea vizuri. Mapafu yanaweza kujaa maji saa nyingi baadaye, hata siku ya pili. Akae hospitalini chini ya uangalizi.

Tunawaomba waandishi wako, Mhariri, kila watakapotumwa kwenye tukio la namna hii waulize maswali machache zaidi. Kipimo kilisoma namba gani, saa ngapi, na nani alikishika? Nani alikuwa mlinzi wa shimo? Winchi ilikuwa wapi? Nani alisaini kibali, na alisaini akiwa wapi? Majibu yachapishwe pamoja na idadi ya waliokufa.

Wako,
Wasimamizi wa usalama na afya mahali pa kazi