Majani ya bustani yetu yanakufa kwa kiu

Mheshimiwa Mhariri, assalaam alaykum,

Naomba nafasi nizungumzie bustani ya mtaani kwetu hapa Unguja mjini, ambayo mwezi uliopita ilitandikwa majani mapya, yale yanayokuja vipande vipande yanatandikwa kama mkeka, na sie watu wa mtaa tulifurahi mno maana pale palikuwa vumbi tupu. Leo nusu yake ishakuwa rangi ya makuti makavu na mie roho inaniuma kwa sababu naona kabisa yanakufa kwa maji kumwagwa vibaya.

Kijana anaemwagia huja saa saba mchana, jua la utosi na kaskazi hii, anapitisha mpira juu juu dakika tano basi. Maji yanakauka kabla hayajafika chini, na majani yale hayana mizizi ya kwenda kuyatafuta, mizizi yake ilikatwa yalipong'olewa kule yalikoota! Yanataka maji kila siku asubuhi mapema, watu wakitoka sala ya alfajiri, na jua likiwa kali yaongezewe alasiri, mpaka udongo urowe kama sentimita 10 kwenda chini. Nyanyua pembe ya kipande utie kidole, kama chini pakavu hujafanya kitu. Na pale kwenye maungio pasisahauliwe, ndo panapokauka mwanzo. Usiku sishauri, majani yakilala na maji yanaingia ukungu.

Baada ya wiki mbili tatu ukivuta kipande kikagoma kunyanyuka ujue yameshashika, hapo ndo upunguze siku lakini kila ukimwagia umwagie mengi, mizizi ishuke. Kabla ya hapo hata kukata bado, na watoto wasicheze mpira juu yake, pazungushiwe kamba tu na vijiti, wataelewa wakiambiwa vizuri.

Yule kijana simlaumu. Nimemuuliza mwenyewe, kaniambia ufunguo wa tangi anakaa nao mtu mwengine na huja saa sita, akichota kisima cha jirani maji yana chumvi na majani yanaungua. Basi naomba wahusika wampe ufunguo wake, akae nao. Nusu iliobaki iko hai, juzi nimenyanyua kipande kimoja nimeona vizizi vyeupe vishaanza kutoka.

Mkaazi wa mtaa,
Unguja