Kaka, uliuliza shangazi alituachia nini

Kaka,

Nimekupigia, hushiki. Nimekuandikia, naona umesoma, kisha kimya. Wifi ananiambia uko shambani. Basi nakuandikia hapa, na wengine wakisoma sina neno. Wewe yako uliyasema mbele ya hema zima.

Siku ya mazishi ya shangazi, masista wenzake walikuwa wanapakua chakula. Yule binti mwenye sare ya uuguzi alikuwa amesimama anaeleza jinsi alivyopata mimba akiwa darasa la saba, na jinsi shangazi alivyomfuata Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda wa Nairobi, akavuka mitaro ya maji machafu na kubisha mlango wa mabati, akafukuzwa, akarudi tena na tena mpaka mama mtu akakubali bintiye arudi darasani. Hakuwa amemaliza. Ulikwenda ukamnyang'anya kipaza sauti mkononi. Ukasema huyu tuliyemzika alisomesha watoto wa watu, wa kwao akawaacha. Ukasema mcheza kwao hutunzwa. Ukauliza, "Na sisi alituachia nini?" Ukamalizia kwamba masista waliila jasho lake na sasa wametunyima hata maiti.

Binti yule alibaki amesimama, hajui akae au aondoke. Mwanawe, yule yule mtoto wa mimba ile, sasa amemzidi mama yake kimo, ndiye aliyemshika mkono akamkalisha.

Mengine yote uliyonifanyia wiki ile nimeyasamehe. Hilo bado.

Najua unaumia. Kati yetu wewe ndiye uliyempenda kuliko wote. Akija likizo ulikuwa unamsubiri Voi stendi tangu asubuhi, na mkoba wake hukukubali mtu mwingine aubebe. Najua ulitaka alale kwetu Bura karibu na bibi. Hata mimi moyo wangu ulitaka hivyo.

Lakini wewe ulisoma katekisimu, kaka. Ulitumikia misa. Unajua mtawa anaweka nadhiri za ufukara, useja na utii. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 668, inasema wazi kwamba anachopata mtawa kwa kazi yake ni mali ya shirika. Mshahara wake wa ualimu haukupita mikononi mwake hata mwezi mmoja. Ulitaka akulipie karo kwa fedha zipi? Aibe?

Kanuni hiyo hiyo inamtaka mtawa aandike wasia kabla ya nadhiri za daima. Shangazi aliandika. Babu alikuwa amemgawia sehemu yake ya shamba kama alivyowagawia wanawe wa kiume, jambo ambalo wazee wenzake hawakulipenda, na shangazi akaiacha yote kwa baba. Hakuliachia shirika hata robo ekari. Ni ile sehemu ya juu, kaka, yenye chemchemi. Ndipo ulipojenga. Unauliza alituachia nini, na kila asubuhi unafungua dirisha juu yake.

Baba hakutaka tuambiwe wakati ule, aliona aibu kupokea ardhi kwa dada. Mimi nilionyeshwa karatasi baada ya matanga ya baba. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka ujisikie mgeni nyumbani kwako. Ndiyo, nilinyamaza, na niliona ni upendo.

Unakumbuka alivyopenda kutusimulia habari za Catherine McAuley wa Dublin? Alirithi mali nyingi, akaitumia kujenga nyumba kubwa mtaa wa Baggot, ikafunguliwa mwaka 1827, wasichana maskini wasome humo na wapate pa kulala. Kaka yake mwenyewe akaiita nyumba ile upumbavu wa Kitty. Miaka minne baadaye, mwaka 1831, likazaliwa humo shirika la Masista wa Huruma, na mwaka 1985 masista hao wakaanza kazi pale pale Mukuru. Shangazi hakuwa wa shirika lao, ila alimpenda mama yule. Akifika kwenye kaka mtu, alikuwa anakutazama wewe na kucheka. "Wewe hutaniita mpumbavu, sivyo?" Ulikuwa unakataa kwa kichwa mpaka shingo iume.

Wasichana wale unaowaita watoto wa watu, shangazi aliwagombania kwa jino na ukucha. Mwaka 1994 serikali ilipotoa mwongozo kwamba msichana aliyejifungua aruhusiwe kurudi shuleni, aliukunja akautia mkobani, na kila mwalimu mkuu aliyemwambia nafasi hakuna aliwekewa mezani ausome. Karo ya shule za msingi ilipoondolewa Januari 2003, kuna waliomwambia sasa apumzike. Apumzike vipi? Sare nani atanunua? Viatu? Sodo? Habari ya sodo za bure kwa wasichana wa shule iliingia kwenye sheria ya elimu mwaka 2017, na yeye alikuwa anakaa nao kushona za vitambaa tangu sisi wadogo. Mwaka 2021, nyumba za Mukuru kwa Njenga zilipobomolewa kupisha barabara, alikuwa mzee tayari, goti limevimba, anazunguka kwenye vifusi na daftari, anaulizia kila msichana amelala wapi.

Nakushauri kama mdogo wako: usiwarithishe watoto hasira hii. Wapeleke Mukuru wakaone. Mimi wangu nimewapeleka. Mimi nilikuwa nafundisha hesabu pale kila Jumamosi, bila senti, kwa hiyo usiseme nilifaidi kwa kukaa South B karibu naye. Karo yangu aliilipa baba kama alivyolipa yako. Mimi ndiye niliyelala kwenye kiti hospitalini. Na masista waliponiuliza azikwe wapi, mimi ndiye niliyejibu, kwa sababu simu yako ilikuwa imezimwa. Shangazi alikuwa ameniambia kwa kinywa chake, "Nizikeni na wenzangu." Ningefanya nini? Nibishane na marehemu? Ukiniuliza kesho nitajibu vile vile.

Misa ya kumbukumbu ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Njoo na wifi, chumba kipo. Hati ya shamba nimeitolea nakala, utaisoma mwenyewe.

Yule binti atakuwepo. Namba yake ninayo, ila sikutumii mpaka uniombe. Sitaki umpigie ili kunifurahisha mimi.